Herufi mpya mlangoni mwa Land Cruiser zinaonekana zimebandikwa: nakosea wapi?

Njiro_Mtandao

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kampuni ya utalii hapa Arusha imebadilisha jina na namba ya simu. Magari yenyewe yameshawekwa stika mpya, ila picha 14 za msimu uliopita (Ngorongoro, Tarangire, na moja barabara ya Longido) bado zina jina la zamani mlangoni, na mwenye kampuni anazitaka kwenye tovuti. Picha ni mali yake, na mpiga picha ameridhia zihaririwe.

Mlango ni rangi ya mchanga, maandishi ni kijani kilichokolea, mistari miwili: jina juu, namba chini. Jina la zamani lina herufi 9, jipya 14. Picha nyingi gari limepigwa kwa ubavu, mbele likiwa karibu na kamera kuliko nyuma.

Nilichofanya: nimefuta kwa Content-Aware Fill, nimeandika kwa fonti inayofanana, nimevuta pembe nne kwa Distort, nimeweka leya (tabaka) ya maandishi kwenye Multiply, modi inayochanganya rangi ya juu na ya chini. Fonti naiona sawa, pembe naziona sawa, lakini kila anayetazama anasema "hii umebandika". Tena pale nilipofuta pana mabaka, kama mlango umepigwa msasa ukaachwa bila kupakwa rangi.

Programu za kuhariri: ofisini ni Photoshop, nyumbani Photopea, na mwenzangu anatumia GIMP. Naomba kujua (1) mabaka yanaondokaje, (2) kwa nini herufi zinaelea, (3) herufi 14 zinakaaje nafasi ya 9.

---

FundiLeya

Mkuu, kwanza picha zimekufikiaje? Kama zimepita WhatsApp kama picha za kawaida, achana nazo, omba zitumwe upya kama dokumenti au zije kwa flashi. JPEG hubana picha kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8. Kwenye ukingo mkali, kama kijani juu ya mchanga, viboksi hivyo huacha vitone vya takataka kuizunguka herufi. Ukifuta herufi peke yake, vitone vinabaki, na jina la zamani linasomeka kama kovu. Kwa hiyo ukishachagua herufi, panua eneo: pikseli 4 au 5 kwa picha safi, 8 hadi 10 kwa iliyobanwa sana. Photoshop na Photopea ni Select > Modify > Expand, GIMP ni Select > Grow.

Usifute kitu kabla hujachukua ushahidi kwenye herufi za zamani. Hilo ndilo watu wengi wanaliruka. Kwenye leya mpya chora mstari unaopita chini ya herufi na mwingine unaopita juu yake, kwa jina na kwa namba. Halafu chota rangi sehemu tatu: herufi ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, katikati ya unene wa herufi, siyo ukingoni. Kidonoa rangi kiwekwe wastani wa 5 kwa 5, maana pikseli moja moja hudanganya. Andika namba pembeni. Utashangaa: kijani kile kile kinaweza kuwa 44, 78, 58 upande mmoja wa mlango na 61, 97, 74 upande wa pili. Herufi za zamani zimeshakupimia mwanga, ukizifuta umetupa kipimo.

Sasa mabaka. Content-Aware Fill inatafuta vipande vya kufanana na kuvishona. Kwenye nyasi au changarawe inafanya vizuri sana. Kwenye bati lililopakwa rangi, ambapo mwanga unashuka taratibu kutoka juu kwenda chini, kila kipande kinakuja na kiwango chake cha mwanga, na hapo ndipo mabaka yanapozaliwa.

Kwa mlango tumia Median. Yenyewe huchukua thamani ya katikati ndani ya eneo inalolipitia. Herufi zikiwa zimejaza chini ya nusu ya eneo hilo, hazihesabiki, zinapotea zenyewe na mteremko wa mwanga unabaki. Nakili leya, zungushia maandishi boksi lenye kingo zilizolainishwa kama pikseli 15, kisha Filter > Noise > Median (GIMP: Filters > Blur > Median Blur). Anza na kipenyonusu mara mbili na nusu ya unene wa mstari wa herufi. Mstari una pikseli 22? Anza 55, panda hadi herufi zitoweke. Boksi lisiguse kitasa wala ule mpira wa pembeni, la sivyo vitayeyuka navyo.

Mlango utakuwa laini kama sabuni. Usijali, chenga (punjepunje za kamera) na vumbi vinarudishwa baadaye. Palipobaki kasoro, pitisha Heal (brashi inayoziba kasoro kwa kuichanganya na jirani) kwenye leya yake mwenyewe. Karibu na kitasa au kwenye maungio ya mlango tumia Clone, inayonakili kipande kama kilivyo, kwa sababu Heal hunyonya weusi wa jirani na kuacha doa la moshi.

Ya kukagua: juu ya leya zote weka Levels, mshale mweusi uburute hadi karibu na kiza cha mlango na mweupe hadi karibu na mwanga wake, tuseme 120 na 190. Baka ambalo macho hayakuliona litajitokeza kama ramani. Rekebisha leya hiyo ikiwa imewashwa, kisha izime. Usije ukaihifadhi nayo.

---

Mama_Stika

Swali la tatu lina jibu rahisi kuliko unavyodhani. Umesema magari yameshawekwa stika mpya. Basi aliyekata stika ana faili la plota (mashine ya kukatia stika), la CorelDRAW au PDF, lenye fonti kamili, nafasi kati ya herufi na vipimo vya sentimita. Liombe. Hapo huhitaji kubahatisha fonti wala kujiuliza herufi 14 zinakaaje. Ameshaamua yeye, na picha zako lazima zifanane na gari litakalompokea mgeni pale uwanja wa ndege wa KIA.

Kama faili halipatikani, nenda kwenye gari na futi. Pima urefu wa herufi, upana wa jina lote, umbali kutoka kwenye maungio ya mlango, na umbali kutoka chini ya kioo. Piga picha ukiwa umesimama usawa wa katikati ya mlango, mita tatu au nne, ukuze kwa lenzi kidogo, usisogee karibu, kwa maana simu ikikaribia sana inavimbisha katikati.

Kwa watakaosoma uzi huu bila kuwa na gari la kupima: jina refu halibanwi kwa upana hadi herufi zionekane zimekonda. Mkata stika hupunguza urefu wa herufi, au huvunja jina mistari miwili, au hutumia fonti ya familia ile ile iliyobanwa tangu ilipobuniwa. Ukibana mwenyewe kwa kuvuta, mistari ya wima inakonda na ya mlalo inabaki minene. Jicho la mtu asiyejua lolote litaona kuna jambo, ingawa hatakuambia ni nini. Asilimia 90 ya upana bado inavumilika, 70 hapana.

Na kama neno la mwisho halijabadilika, mathalani SAFARIS limebaki lile lile na mahali pale pale, liache. Usiandike upya kisichobadilika.

---

FundiLeya

Mama amemaliza. Nyongeza kwenye vipimo vyake: kwenye faili tupu chora mstatili wa sehemu ya mlango iliyo chini ya kioo, kwa uwiano halisi (tuseme sm 85 kwa 55, wewe pima lako), weka maandishi ndani yake mahali pake, mara mbili ya ukubwa utakaohitaji. Geuza vyote kuwa Smart Object kimoja (leya isiyopoteza ubora ukiivuta). Ndipo uvute pembe nne za *mstatili* zikae kwenye maungio ya mlango, mahali unapopaona. Maandishi yatafuata yenyewe. Ukivuta pembe za maandishi peke yake unakisia hewani, hata kama macho yanasema sawa.

Halafu jaribu kwa kutazama nafasi. Upande ulio karibu na kamera, herufi ziwe pana zaidi na mianya kati yake iwe mikubwa zaidi. Kama urefu umepungua kuelekea nyuma lakini mianya inalingana, mvuto wako haujafuata umbali.

Mlango ukiwa umetuna, ile mistari uliyochora mwanzoni ndiyo itakayosema. Imepinda? Pinda kwa Warp hadi ifuatane. Imenyooka? Usiguse.

Wa GIMP: maandishi ukishayavuta kwa Perspective yanakuwa picha, hayahaririki tena, na kila mvuto unapunguza ukali. Baki na nakala, vuta mara moja tu, na Interpolation chagua NoHalo au LoHalo.

---

chenga_tupu

Naingia kwenye swali la pili, maana hapo ndipo pesa ilipo.

Tatizo la kwanza ni Multiply. Mafunzo mengi mtandaoni yanasema "weka Multiply uone maajabu". Hesabu yake ni hii: rangi ya juu mara rangi ya chini, gawa kwa 255. Mlango 200, 180, 150. Kijani chako 30, 80, 50. Jibu ni karibu 24, 56, 29. Kijani kimekuwa kiza na kimekuwa cha manjano, kwa sababu umechanganya rangi ya mlango ndani yake. Stika ni plastiki isiyopitisha mwanga, rangi ya mlango haijui. Multiply inafaa kwa wino ulionyweshwa: karatasi, kitambaa, rangi iliyopauka ukutani. Kwa stika, leya ibaki Normal na rangi iwe ile uliyochota kwenye herufi za zamani, gradienti kutoka kipimo cha kwanza hadi cha tatu.

Stika inachoshirikiana na mlango ni mwanga peke yake. Uchukue hivi: nakili mlango uliosafishwa, ondoa rangi, tia blua (ukungu) ya 8 hadi 10, kwa Levels wastani wake usogee uwe 128. Ufunge juu ya leya ya herufi (clipping, uonekane ndani ya herufi tu), weka modi ya Soft Light. Kijivu cha 128 hakifanyi kitu, palipo pa kiza kuliko hapo herufi inafifia, palipong'aa herufi inang'aa. Anza asilimia 40. Kama tayari umetumia gradienti ya vipimo vitatu, punguza hadi 20, usihesabu mwanga huo huo mara mbili.

La pili ni mpangilio. Watu wanatia chenga, halafu blua, halafu vumbi, halafu wanashangaa. Fuata njia ambayo mwanga wenyewe umepita: stika iko kwenye bati, vumbi liko juu ya stika, jua linapiga vyote viwili, lenzi inalainisha kingo, kihisi cha kamera kinatia chenga, kamera inanoa kingo, mwisho JPEG inabana. Ukifuata mpangilio huo kila hatua inajieleza.

Vumbi. Gari lililotoka kreta bila vumbi mlangoni ni tangazo la sabuni. Vumbi halikwepi herufi, linapita juu yake, na ukilisafisha kwa Median umeondoa lote. Tafuta kipande cha mlango huo huo chenye vumbi, chota rangi yake, na kwenye leya iliyo juu ya herufi paka kwa brashi yenye madoadoa, nguvu 10 hadi 25%, zaidi sehemu ya chini kuelekea tairi la mbele, linakorushwa na gurudumu. Matope ya masika ni tofauti: ni matone yenye ukingo, yanyofoe kutoka sehemu nyingine ya mlango kwa Clone, yaache yakate herufi mbili tatu. Herufi iliyofunikwa kipande na tope hakuna atakayeitilia shaka.

Kingo. Kuza hadi 400%, tafuta ukingo mkali wa kitu kilicho umbali ule ule na mlango, kwa mfano maungio au kitasa. Hesabu pikseli kutoka rangi moja hadi nyingine. Zikiwa 2, Gaussian Blur 0.5 inatosha. Zikiwa 3 au 4, jaribu 0.8 hadi 1.2. Ukingo wa herufi uliotoka kwenye fonti hubadilika ndani ya pikseli moja, na hakuna lenzi inayotoa hivyo. Kama ni picha ya simu, tazama pia kama kuna mstari mwembamba mweupe kuzunguka vitu vya kiza. Huo ni unoaji wa simu yenyewe. Herufi zako zikiukosa zitaonekana zimelala usingizi kati ya vitu vilivyo macho. Baada ya blua pitisha Unsharp Mask, Amount 60 hadi 100, Radius 1, Threshold 0, na usimame pindi mstari unapolingana na wa jirani.

Chenga. Leya mpya iliyojazwa kijivu cha 50%, mode Overlay, maski yake ifunike eneo lote ulilogusa: herufi *na* kiraka cha mlango. Filter > Noise > Add Noise, Gaussian, asilimia 2 hadi 4. Kisha blua ya 0.3 hadi 0.5 juu ya chenga hizo, kwa sababu chenga ya kamera haina upana wa pikseli moja kavu. Linganisha ukiwa umefungua chaneli moja moja (nyekundu, kijani, bluu). Kwa kawaida chaneli ya bluu ndiyo yenye fujo zaidi, na watu wanaangalia picha ya rangi tu, wanapita. Kama picha ya asili ina chenga za rangi, usiweke Monochromatic (chenga za kijivu tu).

Picha za jioni za simu zina ugonjwa mwingine: simu imeshafuta chenga na kuacha mawimbimawimbi kama rangi ya maji. Hapo usitie chenga za Add Noise hata kidogo, chukua ngozi ya mlango kutoka kipande kingine uifunike kwa Clone nguvu 30%.

---

Ngaramtoni_HD

Mnajitesa wakuu. Tumieni Generative Fill, AI ya Photoshop, unaandika jina, sekunde kumi umemaliza.

---

FundiLeya

Kwa kufuta, sikatai, hasa mlango ukiwa na kivuli cha mti au taswira ya nyasi iliyojirudia kwenye rangi. Median hapo inashindwa na AI inakuokoa. Kwa kuandika, hapana. Inachora umbo linalofanana na maandishi, haiandiki. Namba ya simu yenye tarakimu 10 ikikosea moja, mteja anampigia mtu mwingine. Tena toleo la kwanza la 2023 lilikuwa linatoa kiraka cha pikseli 1024 kisha kukivuta kijaze eneo, hivyo kwenye picha kubwa kiraka kinakuwa laini kuliko jirani zake. Kwa vyovyote ukiitumia, chenga za ndugu yangu hapo juu bado zinakuhusu. Na jina utaliweka kwa faili la plota lile lile, picha zote 14 zifanane.

---

Pasua_Mabango

Mangi, naomba kuunganisha. Ukuta wa duka hapa Moshi, tofali za bloku zimepigwa rangi bila plasta, maandishi ya brashi. Mteja anataka aone jina jipya litakavyokaa kabla hajalipia mchoraji. Njia ni hiyo hiyo?

---

chenga_tupu

Hapana, hapo mambo mawili yanageuka. Rangi ya brashi imeingia kwenye vitundu vya bloku, kwa hiyo Multiply uliyoiacha mlangoni ichukue hapa, asilimia 85 hadi 95, kama herufi ni za kiza juu ya ukuta mweupe. Herufi nyeupe juu ya ukuta wa bluu Multiply inaziua kabisa, zibaki Normal. Fungua Blend If kwenye Layer Style, mstari wa Underlying Layer, shika mshale mweusi na Alt uugawanye, buruta nusu yake ya kulia taratibu hadi viungo vya bloku na vitundu vianze kutoboa herufi.

La pili ni umbo. Ukingo wa herufi lazima uyumbe unapovuka kiungo cha saruji. Nakili ukuta uliosafishwa, geuza kijivu, blua 2 au 3, ihifadhi pembeni kama PSD (faili la Photoshop). Kwenye leya ya herufi: Filter > Distort > Displace, 5 kwa 5, chagua PSD ile. Kijivu cha 128 hakisogezi kitu, palipo na kiza panasukuma upande mmoja, palipong'aa upande wa pili. Herufi zikitetemeka kama zimo ndani ya maji, kosa ni la ramani: hukutia blua ya kutosha na kila punje ya saruji imekuwa mlima. PSD iwe na vipimo vile vile vya pikseli na picha, la sivyo viungo vitayumbisha herufi pasipo na kiungo. GIMP haihitaji faili la pembeni, ni Filters > Map > Displace, unachagua leya ya kijivu.

Fonti usitafute kwa mchoraji wa brashi. Kata herufi alizokwisha kuandika: A, N, O, I zipo karibu kila jina. Zilizokosekana zijenge kwa vipande, R kutoka P, E kutoka F. Herufi inayojirudia usiinakili kama ilivyo. Geuza nyuzi moja au mbili, nyoosha mguu kidogo. Mkono wa mtu hautoi A mbili pacha.

---

Mama_Stika

Nyongeza kwa wanaofanyia kanga kazi hii, maana nao wanauliza kila mara. Jina la kanga (ule msemo) liko kwenye mji, yaani sehemu iliyo ndani ya pindo, chini ya katikati, ndani ya boksi lake. Kama kanga imetandazwa, njia ya ukutani inatosha, Displace ipande hadi 10 au 12. Kama imevaliwa na ina mikunjo mirefu, Displace haiwezi kuificha herufi ndani ya mkunjo. Itaivuta tu kama mpira. Kata herufi kwa maski pale mkunjo unapoanza, sogeza nusu ya pili upande wa ndani, tia kivuli. Kanga ikiwa na mikunjo minne, hiyo ni kazi ya mchana mzima. Mwambie mwenye mali aitandaze, ipigwe picha upya.

---

Kilele_Picha

Kazi nzuri. Je, mbinu hizi zinafanya kazi kwenye kibao cha Uhuru? Mteja aliishia Stella Point, anataka kibao cha picha yake kisomeke Uhuru Peak. Pia kuna mwingine anataka tarehe kwenye cheti.

---

FundiLeya

Zinafanya kazi, na hakuna atakayekufundisha. Mlango wa gari ni mali ya mwenye jina, anasahihisha la kwake. Kibao cha mita 5,895 ni ushahidi wa alikofika mtu. Cheti, leseni, risiti na namba ya gari ni nyaraka, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la kughushi kwa kompyuta. Stella Point ni pazuri, picha yake iuzwe kwa jina lake.

Na wewe Njiro, kwa sababu hiyo hiyo: namba za usajili za magari kwenye picha zako tia ukungu, usizibadilishe. Stika za leseni kwenye kioo usiziguse kabisa.

---

Njiro_Mtandao

Wakuu asanteni. Faili la plota nimelipata, jina liko mistari miwili kweli, na namba imeshuka chini. Kuondoa Multiply peke yake kumebadilisha picha nusu nzima. Mabaka yameisha kwa Median ya 60.

Imebaki picha moja gari liko kwenye mwendo. Herufi zimekaa, lakini zinaonekana zimesimama huku gari linakimbia. Na je, kwa tovuti nihifadhi kwa ukubwa gani?

---

chenga_tupu

Angalia kwanza nani alikuwa anakimbia kwenye picha. Kama mpiga picha aliifuata gari kwa kamera, gari ni kali na nyasi ndizo zilizovutika. Herufi zako ziache. Kama nyasi ni kali na gari limevutika, tafuta kitone cha mng'aro, mara nyingi kipo kwenye kitasa au ukingo wa kioo. Kimekuwa mstari. Upime kwa Ruler: urefu na nyuzi. Ukisoma pikseli 11 na nyuzi 2, basi Motion Blur iwe 11 na 2. Itangulie chenga, maana chenga huzaliwa ndani ya kamera, hazivutiki na gari. Chukua mng'aro wa mlangoni, usichukue wa gurudumu, lile linazunguka.

Kuhifadhi: fanya kazi yote kwenye ukubwa wa asili, baki na PSD, kisha nakala ya tovuti ipunguze hadi upande mrefu uwe pikseli 1600 au 2000, rangi za sRGB, JPEG ya ubora 85. Hifadhi JPEG mara moja tu. Ukipunguza hivyo, kasoro ya pikseli moja inayeyuka, kwa hiyo kabla ya kuhangaika na kila picha ipunguze kwanza utazame. Ile ya Longido, kama gari liko mbali na mlango una pikseli 90, jina halisomeki hata likiwa sahihi. Futa, acha vivuli viwili vya kijani vilivyotiwa blua, endelea na nyingine.

---

Njiro_Mtandao

Nimepandisha nne za mwanzo hapo chini. Semeni ukweli.

---

Mama_Stika

Milango iko safi. Ya pili, kava la tairi ya spea nyuma: jina la zamani linachungulia, herufi tatu.

---

chenga_tupu

Na ya tatu, kwenye dimbwi lililo mbele ya gari. Juu limeandikwa jipya, majini limeandikwa la zamani, kichwa chini.